Siku 26 Kwenda, Siku 94 Kurudi

Ukienda Malindi likizo hii, tembea hadi kwenye nguzo ya Vasco da Gama uitazame bahari. Mji wa Calicut, India kusini, uko karibu kilomita 4,260 ng'ambo ya maji hayo. Je, ni safari ya muda gani?

Mwanafunzi wa hesabu atajibu upesi: gawanya kwa 850, mwendo wa ndege kubwa kwa saa, upate saa tano. Hesabu ni sahihi, safari ndiyo haipo. Malindi hakuna ndege ya kwenda India. Itakubidi uruke kwanza hadi Nairobi, saa moja hivi hewani, yaani uipe India kisogo, ndipo upande ndege ya Mumbai, kisha nyingine ya kusini. Ukijumlisha saa za kukaa uwanjani ukilinda mizigo, siku nzima imekwisha!

Wazee wetu walipima bahari kwa pepo. Jahazi zilikwenda India kwa kusi, zikarudi kwa kaskazi.

Tarehe 24 Aprili 1498, kusi ikianza, da Gama aling'oa nanga Malindi. Mfalme wa mji alimpa rubani (naam, neno hilo lilikuwa la baharini kabla ya kupanda angani). Vitabu vingi vya shule vimesema rubani huyo alikuwa Ahmad ibn Majid wa Oman. Mimi sisadiki, kwani waandishi wa Kireno wa karne ya 16 walimtaja kuwa Mgujarati. Hata hivyo kazi aliijua: tarehe 20 Mei walitia nanga karibu na Calicut. Siku 26.

Kurudi ndiko kulikokuwa na kilio. Walitweka tanga kutoka kisiwa cha Anjediva, pwani ya India, tarehe 5 Oktoba, kaskazi haijaingia. Umbali ulikuwa karibu ule ule. Baharia yeyote wa Malindi angewaambia wangoje. Wakakutana na shwari na pepo za mbele, wiki zikawa miezi. Bila matunda wala mboga, kiseyeye kikawashika: ufizi ukavimba hata ukafunika meno, miguu ikafura. Watu 30 walikufa katika mvuko huo, na kila merikebu ikabaki na mabaharia saba au wanane tu wenye nguvu ya kufanya kazi.

Malindi waliifikia tarehe 7 Januari 1499, siku ya 94. Da Gama alituma mtu pwani akawatafutie wagonjwa machungwa. Yakaletwa, lakini wengi walikuwa wamekwisha kuzidiwa, wakafia papo hapo Malindi. Siku chache baadaye, kusini ya Mombasa, waliichoma moto merikebu yao São Rafael, kwa kuwa watu wa kuendesha merikebu tatu hawakuwapo tena.