Mradi wa Kwanza Usisubiri Bando

Masomo mengi ya Python ya mtandaoni yana haraka zake: hujaandika hata mstari mmoja, tayari unaambiwa shusha hiki, instoli kile. Kwa mwenye waifai, poa. Kwa mwalimu wa sekondari ya kata wilayani Kilosa, bando linaisha kipindi hakijaanza, na darasa linatoka likiamini kompyuta si mambo yao. Hilo ndilo linaloniuma, maana walimu hao ni sisi.

Maoni yangu: mradi wa kwanza utumie kile kinachokuja na Python yenyewe, basi. Faili la kuinstoli unalishusha mara moja chuoni na kulibeba kwenye flashi. Kwenye Windows linakuja na IDLE, sehemu ya kuandika na kuendesha programu, na halidai intaneti. Fungua folda moja, faili moja, anza.

Mradi wenyewe uwe jambo wanalolijua. Nikiwa Mikumi kwenye mazoezi ya kufundisha, nilichukua madaraja ya kidato cha nne: A kuanzia 75, B 65, C 45, D 30, chini ya hapo F. Tukaanza hivi:

if alama >= 75:
    daraja = "A"

Kila mtu alitaka kuingiza alama zake. Mmoja akajaribu 64, kisha 65, aone C inaishia wapi. Hapo keshajifunza sharti, na keshajifunza kupima programu. Wakauliza pia kama jina linatokana na chatu wa mbugani. Hapana, limetoka kwa wachekeshaji wa Uingereza, Monty Python.

Wapo watakaosema majina kama "alama" na "daraja" yanamdumaza mwanafunzi, kwa kuwa sekondari tunafundisha kwa Kiingereza. Sikubali. Maneno maalumu ya Python ni 35 tu, atayazoea. Majina ya vitu vyake anachagua mwenyewe, na kesho anaweza kuyabadilisha. Ile imani ya "hii naiweza" ikipotea siku ya kwanza, kuirudisha ni kazi.

Kweli, miradi mikubwa itahitaji vifurushi vya kushusha. Hiyo ije baadaye.

Kwa hiyo, mwalimu mtarajiwa, kabla hujapanda basi kwenda field, weka faili hilo kwenye flashi. Umeme tu ukiwepo, una kipindi.