Fundi Mwema Hangoji Kuitwa

Imeenea miongoni mwetu watu wa pwani, wenye nyumba na mafundi kwa pamoja, dhana ya kwamba fundi stadi ni yule akaaye dukani kwake akingoja kuitwa, na kwamba yule anayempigia simu mteja wake wa zamani akamwambia, "Muda umewadia nije kukutazamia mashine yako," ama kazi yake ya kwanza ilikuwa mbovu au njaa imemzidi. Na aghalabu dhana hiyo huvishwa joho la methali, ikasemwa kwamba kizuri chajiuza na kibaya chajitembeza. Nami nasema bila ya kusitasita kwamba methali hiyo, ingawa ina haki yake kwa muuza embe na muuza vitambaa, imewekwa mahali pasipo pake, na kwamba katika kazi ya kutunza mashine za watu imewatia hasara wenye nyumba, imewafukarisha mafundi, na imewalea walaghai.

Embe huonekana kwa macho na kitambaa hushikwa kwa mkono, lakini uharibifu wa kiyoyozi huanza na kukua pasipo mwenyewe kuwa na habari nao. Twaa chumba cha kulala cha Nyali au Kizingo, hapa Mombasa, ambako hewa ya bahari haina siku isiyobeba chumvi: mashine ya nje, yenye mabomba ya shaba yaliyopenyezwa katika mabati membamba ya alumini, hulowa chumvi hiyo pamoja na umande, na kwa kuwa shaba na alumini zikigusana penye maji ya chumvi alumini ndiyo iliwayo, mabati yale hugeuka ungaunga mweupe yakamomonyoka, joto likakosa njia ya kutokea, kompresa ikalazimika kusukuma kwa nguvu zaidi, na umeme ukaliwa zaidi kwa baridi ile ile. Ndani nako vumbi huziba filta, hewa ikapungua, na bomba likapoa kupita kiasi hata likashika barafu. Na chini yake, katika trei ya kupokelea maji, hujijenga ute mweusi unaoziba mrija wa kuyatoa, mpaka usiku mmoja yakafurika na kuchirizika ukutani, juu ya rangi mpya na juu ya godoro. Siku hiyo ndiyo fundi huitwa. Kabla ya hapo, kwa miezi kadhaa, mwenye nyumba alikuwa akisema, tena kwa nia safi, kwamba mashine yake haina kasoro.

Na tazama mambo yaendavyo siku hiyo ya kuitwa. Mashine nyingi hushindwa wakati mmoja, katika joto la kaskazi, Januari na Februari, na fundi aliyekaa bure miezi mingi hujikuta anavutwa huku na huku, hana wasaa wa kuosha wala wa kupima. Hufunga geji yake, akaongeza gesi, akapokea ujira wake akaenda zake. Baridi imerudi, mwenye nyumba ameridhika, na mwaka wa pili huitwa tena kuongeza gesi, na wa tatu halikadhalika, hata imekuwa ni itikadi mjini kwamba gesi ya kiyoyozi huisha kwa kutumika. Huo ni uongo mtupu. Gesi huzunguka ndani ya mabomba yaliyofungwa, haichomwi wala hailiwi. Ikipungua pana tundu, na wajibu wa fundi ni kulitafuta tundu hilo, alizibe kwa kuchomelea, aivute hewa yote kwa pampu, ndipo ajaze. Anayeijaza mashine inayovuja anaitupa hewani mali ya mtu, na si mali tu, kwani gesi zenyewe mataifa yamezifungia mipaka: R22, yenye kudhuru tabaka la ozoni, chini ya Mkataba wa Montreal wa mwaka 1987, na R410A, yenye kuzidisha joto la dunia, chini ya marekebisho ya mkataba huo yaliyopitishwa Kigali mwezi wa Oktoba 2016. Lau fundi angekuwa na daftari, na ndani yake kipimo cha gesi na cha joto la siku aliyokuja mara ya mwisho, vipimo viwili vikiwekwa bega kwa bega vingetoa ushahidi ambao yeye mwenyewe asingeweza kuukana.

Wazee wetu hawakuwa na ajizi hii. Nahodha hakungoja jahazi lake livuje katikati ya bahari ndipo atafute fundi. Pepo ndizo zilizokuwa kalenda yake, na chombo kilipokuwa pwani kikingoja msimu kilitiwa kalafati na kupakwa deheni, kivuje kisivuje. Kalenda hiyo ingalipo, nayo yamfaa fundi wa viyoyozi kama ilivyomfaa nahodha. Kusi ivumapo, kati ya Juni na Agosti, wengi huzima mashine zao usiku, na vijana wa kazi hushinda vibarazani bila ya shughuli. Huo ndio wakati wa kuzifungua mashine za nje, kuziosha chumvi kwa maji matamu, na kubadilisha kilichooza pasipo haraka. Kisha Oktoba na Novemba, kaskazi haijafika, ije ziara ya pili. Apangaye hivi hupata riziki ya mwaka mzima, tena huweza kuipanga hata njia yake, siku ya Likoni akawa na wateja wa Likoni tupu, asivuke feri asubuhi kwa ajili ya filta moja kisha alasiri akakimbilia Bamburi.

Nitaambiwa kwamba wako mafundi wanaorudi kwa ajili ya kunyonya tu. Wako, wala siwatetei. Lakini dawa ya mlaghai ni hesabu iliyo wazi, si kumfungia mlango mwaminifu. Miadi ya haki hufuata mashine, haifuati mfuko wa fundi. Kiyoyozi cha saluni, kinachonguruma kutwa katikati ya nywele na dawa za kupuliza, chataka kuoshwa filta kila mwezi, na cha chumba cha wageni kinachofungwa nusu ya mwaka hakitaki hivyo. Jenereta nayo huhesabiwa kwa saa ilizofanya kazi, na nyingi za dizeli hubadilishwa oili kila saa 250 au karibu yake. Fundi anayewapangia wateja wote miezi mitatu mitatu bila ya kuuliza hajapanga kitu. Na akifika akaikuta mashine safi, aseme ni safi, aisogeze mbele tarehe, apokee ujira wa kutazama na asitafute zaidi. Kwa insafu hiyo ndipo atakaposadikiwa siku atakayosema pana hitilafu.

Katika jambo la adabu ya miadi, nawalaumu mafundi kuliko wateja. Kumwambia mtu "nitakuja kesho", ikapita wiki, ni kuvunja ahadi, na wateja wengi waliochukia ziara za kupangwa walichukizwa na hilo. Siku itajwe kabla ya fundi kuondoka, bei ijulikane, simu ipigwe siku moja kabla, na asije mtu kubisha hodi saa ya sala ya Ijumaa.

Wala daftari lisiwe la majina ya wateja peke yake, kwa sababu wapangaji huhama na mashine ikabaki ukutani. Ibandikwe karatasi ndani ya kifuniko cha mashine yenyewe: tarehe, kipimo cha gesi, kilichobadilishwa, na mwezi wa ziara ijayo. Kijana anayefunzwa kuchomelea bomba la shaba na afunzwe pia kuijaza karatasi hiyo kabla hajakusanya bisibisi zake, na mwenye nyumba aisome kabla hajatoa malipo.