Mcheza Kwao Hutunzwa

Timu ya chuo ing'olewapo katika mchujo, aghalabu lawama humwangukia kocha: mbona alimtoa mshambuliaji, mbona aliamua kujihami mapema? Maswali hayo ni halali, lakini kwa Chuo Kikuu cha Garissa hayatoshi. Baada ya shambulio la Aprili 2, 2015, lililowaua watu 148, chuo kilifungwa hadi Januari 2016, na wanafunzi wengi wakahamishiwa Eldoret. Desturi ya michezo iliyokatika hivyo haiungwi na kocha peke yake. Isitoshe, Nairobi i umbali wa takriban kilomita 370; mechi ya huko huanzia barabarani. Wahenga walinena kuwa mcheza kwao hutunzwa. Basi mechi za mchujo zichezewe Garissa pia, ndipo kocha ahukumiwe kwa haki.