Spika yako ndogo ni nzima, inaombwa besi isiyo nayo

Leo tuache mambo ya kuandika programu tuzungumze kuhusu kelele. Ukishasomea kompyuta, watu hudhani unajua kila kitu chenye waya, na hata kisicho na waya. Swali ninaloulizwa zaidi na majirani na jamaa siku hizi ni hili: "Mbona spika yangu ya Bluetooth inakoroma besi ikiingia?" Na karibu kila anayeuliza ameshajipa jibu. Spika ni feki, au imepasuka ndani, kwa hivyo anatafuta pesa za kununua nyingine.

Mimi nasema nyingi kati ya spika hizo ni nzima kabisa. Kinachowaponza wenyewe ni kwamba tumeuziwa besi kama sukari, kwamba ukiongeza kijiko chai inakuwa tamu zaidi. Kwenye spika ya ukubwa wa kikombe mambo hayaendi hivyo, na wanaozitengeneza wanalijua hilo vizuri sana.

Kabla hujampelekea fundi, tenganisha kwanza aina za kelele, maana "inakoroma" ni neno moja linalobeba magonjwa kadhaa. Weka kipindi cha mazungumzo, sauti ya mwanamume, kwa kiwango cha chini. Ikikwaruza hata hapo, kuna kitu kimeumia: koili inasugua kwenye sumaku, au koni (ile karatasi au plastiki inayotetema) imeachia gundi pembeni. Hiyo ni kazi ya fundi na hakuna programu itakayoitibu. Sauti ikikatikakatika vipande vipande, hiyo si besi, ni mawasiliano ya Bluetooth. Sogeza simu karibu au tumia waya kama tundu lipo. Kama inakoroma zaidi betri ikikaribia kuisha na inapona ukiichomeka kwenye stima, jibu umeshalipata: betri ya lithiamu hutoa volti 4.2 ikijaa na hushuka kadiri inavyotumika, na spika nyingi ndogo huishiwa pumzi pamoja nayo.

Halafu kuna mtetemo unaotokea kwenye noti moja tu ya besi huku nyingine zikiwa safi. Hapo tafuta kitu kilicholegea: skrubu, wavu wa mbele, waya wa ndani unaogonga boksi, au hata vikombe vilivyo kwenye kabati ulipoiweka spika. Kuna programu za bure za simu zinazotoa mlio wa hezi unazotaka. Anza na hezi 200, shuka polepole hadi 40, kwa sauti ya wastani. Usiipandishe juu kabisa, maana mlio mmoja usiokatika unaweza kuunguza koili. Ukifika mahali panapotetema, simamisha hapo na uguse vitu kimoja kimoja kwa kidole hadi kelele inyamaze. Dakika tano tu na umemjua mwizi.

Lakini ikiwa kila kitu ni safi hadi upandishe sauti, ndipo besi zote zinaanza kukoroma kwa pamoja, spika haijafa. Imefika mwisho wa nguvu zake.

Mama mmoja mwenye saluni karibu na ninapoishi aliniita mwezi uliopita. "Kijana wa kompyuta, kuja uangalie hii kitu, imekufa na haijamaliza hata miezi mitatu." Fundi alikuwa amemwambia abadilishe spika ya ndani. Tulipojaribu, mazungumzo ya redio yalikuwa safi, na muziki kwa sauti ya nusu ulikuwa safi pia. Nikafungua ekwalaiza ya simu yake, nikakuta imewekwa kwenye mpangilio wa kuongeza besi. Spika nayo ina kitufe chake cha besi, na taa yake ilikuwa inawaka. Kwa hivyo besi ilikuwa inaongezwa mara mbili, na boksi lenyewe lilikuwa limesimama juu ya rafu ya kioo. Nikazima vyote viwili, nikaweka taulo iliyokunjwa chini yake. Mkoromo ukaisha.

Mama akasikiliza kidogo, akaniuliza, "Sasa na besi umeipeleka wapi?"

Swali la haki kabisa hilo! Wacha nilijibu.

Sauti ya besi ni hewa inayosukumwa. Ukitaka koni itoe hezi 100 kwa ukali ule ule ilioutoa kwenye hezi 200, lazima isogee mara 4 zaidi. Ukishuka tena hadi hezi 50, ni mara 16 ya pale ulipoanzia. Yaani kama kwenye hezi 200 ilikuwa inasogea robo milimita, kwenye hezi 50 inatakiwa isogee milimita 4, na koni ya inchi 2 haina nafasi hiyo. Inagonga mwisho wake, na huo mgongano ndio unaousikia. Sisi wa Nairobi tumezoea matatu zenye spika za inchi 12 chini ya viti, halafu tunataka mtetemo ule ule kwenye kitu kinachoingia kwenye mkoba. Koni ya inchi 12 ina eneo mara 36 ya ile ya inchi 2. Hakuna kitufe kinachofuta hesabu hiyo.

Na ile noti ya chini kabisa ya gitaa la besi la kawaida, lenye nyuzi nne, iko kwenye hezi 41 hivi. Wapenzi wa benga na rumba, hapo ndipo mnapoomba spika ya inchi 2 ifanye kazi.

Ubaya wa pili uko upande ninaoujua zaidi, upande wa namba. Sauti ya kidijitali ya biti 16 inaandikwa kwa namba kutoka -32,768 hadi 32,767. Nyimbo za siku hizi hurekodiwa zikikaribia dari hiyo. Sasa wewe unaongeza besi kwa desibeli 6, ambayo ni karibu kuzidisha mara mbili. Namba iliyokuwa 20,000 inataka kuwa 40,000. Nafasi hiyo haipo! Isipokuwa kama programu imepunguza sauti nzima kwanza, namba inakatwa kwenye 32,767, na wimbi lililokuwa na kichwa cha mviringo linabaki na kichwa bapa. Kichwa bapa kinazaa milio ambayo mwanamuziki hakuipiga. Kila aliyewahi kuandika programu ikazidisha namba kupita ukubwa wa chombo chake anaijua aibu hii. Hapo kosa limeshatendeka kabla sauti haijatoka kwenye simu, kwa hivyo hata ukimpelekea fundi spika mia, zote zitakoroma.

Kumbuka pia kwamba hizo desibeli 6 zinadai wati mara nne kutoka kwa amplifaya. Na tukifika kwenye wati, ndugu zangu, hapo ndipo uongo umejenga ghorofa. Tembea Luthuli Avenue usome maboksi. Wati 40, wati 100, PMPO elfu na kitu. Kisha geuza chaja ya spika yenyewe usome maandishi yake madogo: volti 5, ampea 1. Zidisha. Wati 5! Betri iliyojaa inaweza kutoa zaidi ya hapo kwa muda, lakini chombo hakiwezi kutoa nishati kuliko ile iliyoingizwa. Mfano mzuri ni chipu iitwayo PAM8403, inayotumika sana kwenye spika za bei nafuu. Karatasi yake ya maelezo inatangaza wati 3 kwa kila upande, ikipewa volti 5 na spika ya omu 4, kwa upotoshaji wa asilimia 10. Soma tena hapo mwisho. Wati hizo 3 zimehesabiwa wakati chipu imeshaanza kukata vichwa vya mawimbi. Mtengenezaji wa chipu ameandika ukweli wake wazi, ila anayechapisha boksi anachukua 3 na kuiacha 10 mezani. Marekani walichoshwa na mchezo wa wati mapema: Tume yao ya Biashara, FTC, iliweka kanuni mwaka 1974 ya jinsi ya kutangaza nguvu za amplifaya za nyumbani, na ikairekebisha mwaka 2024 ili vipimo vya makampuni viweze kulinganishwa.

Chumba nacho kina mchango wake, tena mkubwa kwa sisi tunaopanga chumba cha futi 10 kwa 10. Urefu huo ni kama mita 3, na sauti ya karibu hezi 56 hujirudia kati ya kuta mbili za namna hiyo na kujijaza. Kwa kuwa chumba ni mraba, jozi ya pili ya kuta inafanya hivyo hivyo kwenye hezi zile zile. Ukiiweka spika kwenye kona, unaongeza tena. Sehemu ya "mkoromo" wako huenda ni ukuta unakujibu. Itoe kwenye kona, isogeze nusu mita, usikilize tena kabla hujatumia hata shilingi. Na kama ina tundu la hewa nyuma au zile koni bandia za pembeni zisizo na waya, usizibane na ukuta.

Sasa nirudi kwa mama wa saluni. Besi ilienda wapi? Sehemu yake haikuwahi kuwepo, ilikuwa kelele tu. Sehemu nyingine sikio linaijaza lenyewe. Noti ya hezi 41 huja na ndugu zake wa 82, 123 na 164, na ubongo ukiwasikia hao unamkisia mkubwa wao hata kama hayupo. Ndiyo maana unaweza kufuata gitaa la besi kwenye spika ya simu ambayo haifiki huko chini kabisa. Kwa hivyo ukipunguza hizi za chini kabisa, wimbo haufi. Kwenye simu nyingi za Android ekwalaiza ya vitufe vitano huanza na hezi 60. Shusha hicho kwa desibeli 3 hadi 6, acha vingine, kisha pandisha sauti. Utapata sauti kubwa iliyo safi kuliko ulivyokuwa unapata ukiongeza.

Msinielewe vibaya, kuongeza besi si dhambi. Mwaka 1933 Fletcher na Munson wa Bell Labs walionyesha kwamba sikio letu husikia besi vibaya sauti ikiwa ndogo, na kadiri sauti inavyopanda tofauti hiyo hupungua. Kwa hivyo ukisikiliza usiku polepole watoto wakiwa wamelala, kuongeza besi kuna maana. Sauti ikipanda, inafaa besi hiyo ipunguzwe. Lakini kitufe cha besi cha spika nyingi za bei nafuu hufanya kinyume: kinaongeza kiasi kile kile kwenye sauti ndogo na kubwa, yaani kinazidisha mzigo pale ambapo mgongo umeshapinda. Spika zilizotengenezwa vizuri zina programu ndani inayoangalia kiwango cha sauti na kupunguza besi taratibu unapopandisha. Kama mwandishi wa programu nawaambia hiyo si sayansi ya roketi. Spika ikiwa na chipu ya kuchakata sauti ndani, na nyingi zinayo, kazi hiyo haiongezi hata skrubu moja kwenye gharama. Kisichokuwepo ni nia, kwa sababu dukani spika huuzwa kwa mshindo wa sekunde kumi za kwanza.

Kuna watakaosema, "Sisi tunapenda besi, tuache." Sawa, nunueni boksi kubwa. Josef Anton Hofmann, mmoja wa waanzilishi watatu wa kampuni ya KLH ya Marekani mwaka 1957 (hiyo H ni yake), anakumbukwa kwa kanuni isiyo na huruma: boksi dogo, besi ya chini, na sauti kubwa kwa umeme kidogo, chagua viwili. Wufa ya zamani ya mbao, ile mnayoiona imepitwa na wakati, itaimba besi kuliko kopo lolote jipya la Bluetooth la bei ile ile.

Ninachodai mimi ni maandishi mawili kwenye boksi: spika inashuka hadi hezi ngapi, na kwa sauti ya desibeli ngapi kabla haijaanza kupotosha. Vipimo vya aina hii si ndoto. Kwa sabufa kuna kiwango cha CEA-2010 tangu 2006, ambacho hupima hasa hilo. Na nadai kitufe cha besi kinachozimika kweli, si kile kinachobadilisha rangi ya taa tu.

Hadi siku hiyo, ukienda dukani usikubali wimbo anaouchagua muuzaji, maana ameuchagua kwa sababu. Beba wako kwenye simu, wenye gitaa la besi unalolijua. Zima nyongeza zote, pandisha hadi robo tatu, kisha weka sauti ya mtangazaji wa mpira. Ukimsikia kama anaongea ndani ya pipa, mrudishie.

Mama wa saluni, kwa taarifa yenu, hakununua nyingine. Mchana anaweka besi chini na sauti juu, jioni wateja wakipungua anageuza. Fundi bado anasema koni imeisha.