Ruta si yako? Pima kwanza, lalamika baadaye

Nimekuwa kimya wiki mbili, na si kwa kupenda. Netiweki ya hapa ploti Garbatulla imekuwa ikija na kuondoka kama mgeni asiyeaga. Najua wengi wenu mko katika hali kama yangu: unalipia intaneti pamoja na kodi ya nyumba, lakini ruta iko sebuleni kwa mwenye nyumba, na neno la siri analo fundi aliyeifunga, ambaye naye hapatikani kwa simu.

Kazi yangu ni kuandika programu. Netiweki ikikatika, mteja ananisubiri na pesa zinapotea. Lakini kilichoniuma zaidi ni binti wa jirani aliyekuja kwangu kujaza maombi ya chuo kwenye tovuti ya KUCCPS. Mara tatu alikwama akiwa karibu kumaliza, na siku ya mwisho ya maombi ilikuwa mlangoni. Hapa kwetu ukikosa netiweki nyumbani unapanda gari hadi Isiolo mjini, na nauli hiyo si ya kuchezea.

Kila mtu kwenye ploti alikuwa na mshtakiwa wake. Wengine walitaja kampuni, wengine jua kali, wengine watoto wanaotazama video. Hata mimi mwenye digrii ya kompyuta nilikuwa nalaumu tu. Sasa nasema hivi: usiye na ufunguo wa ruta bado unaweza kupima, na lawama bila kipimo ni kelele.

Kwenye Windows fungua dirisha la amri, andika ipconfig, na utaona anwani ya ruta. Mara nyingi huanza na 192.168. Kisha fungua madirisha mawili. La kwanza andika ping -t na anwani hiyo ya ruta. La pili andika ping -t 8.8.8.8, ambayo ni seva ya Google iliyo nje ya nyumba. Hakuna neno la siri la ruta linalohitajika. Yaache yaendelee, usubiri netiweki ikatike.

Ruta ikiendelea kujibu huku 8.8.8.8 ikinyamaza, tatizo huenda liko nje. Hayo hutokea. Tarehe 12 Mei 2024 nyaya za baharini za EASSy na Seacom zilikatika pwani ya Afrika Kusini, na intaneti ikawa kinyonga hapa Kenya. Siku hiyo hata ungenunua ruta kumi usingepata nafuu. Lakini zote mbili zikinyamaza kwa pamoja, tafuta tatizo kati yako na ruta, au kwenye ruta yenyewe.

Kwangu zilinyamaza pamoja. Nikaandika netsh wlan show interfaces, na nguvu ya mawimbi ilikuwa asilimia 28. Nikaenda na laptopu hadi mlangoni kwa mzee mwenye ploti: haikukatika hata mara moja. Basi ruta ilikuwa nzima, ila mawimbi hayakunifikia. Ilikuwa imewekwa nyuma ya friji, na kati yake na chumba changu kuna ukuta wa mabati. Chuma hurudisha mawimbi ya redio kama kioo kinavyorudisha mwanga.

Rafiki mmoja alinishauri nijaribu kuingia kwa neno la siri la kiwandani, maana mafundi wengi hawalibadilishi. Nilikataa. Sheria ya mwaka 2018 kuhusu uhalifu wa mtandao inaharamisha kuingia kwenye mfumo wa mtu bila idhini, na kuchangia bili si idhini. Tena, huyu ni jirani yangu.

Badala yake niliandika kwenye karatasi kwa siku tatu: saa, mahali, na mara ngapi imekatika. Nikamwendea baada ya swala ya alasiri.

"Asalaam aleykum, mzee. Sikuja kulalamika, nimekuja na hesabu."

Akaisoma yote, akacheka. "Kumbe adui ni friji yangu?"

Tukaipandisha ruta kwenye rafu, karibu na dirisha la uani. Jioni ile nilisoma asilimia 71, na binti wa jirani akamaliza maombi yake.

Wenye nyumba, neno la siri ni lenu, kaeni nalo. Lakini anayechangia bili anastahili kujua mambo mawili: ruta imewekwa wapi, na nani wa kupigiwa simu ikisumbua. Nasi wapangaji tuache kwenda mikono mitupu. Aliyebeba malalamiko huambiwa asubiri. Aliyebeba vipimo vya siku tatu ni vigumu kumrudisha.

Haya, kazi kwenu. Tukutane wiki ijayo, netiweki ikiruhusu.