Chombo cha Bahari ya Baridi Hununuliwa kwa Siku ya Kupinduka

Wahenga walinena kwamba maji usiyoyafika hujui wingi wake. Mtu anayekusudia kununua kayaki ya tanga kwa bahari kali ya Uskoti yampasa akumbuke kwamba hajui hata ubaridi wake. Kayaki ni mtumbwi mwembamba uliofunikwa juu, na asili yake ni kwa wawindaji wa nchi za barafu. Ukitiwa mlingoti mfupi na tanga dogo, husafiri kwa upepo na kwa kafi pia.

Aghalabu mnunuzi mgeni huuliza ni chombo kipi chenye mbio. Swali la kwanza lingekuwa hili: chombo kikipinduka, je, mwenyewe ataweza kurudi ndani peke yake kabla mikono haijafa ganzi?

Mwaka 1956 daktari Mjerumani, Hannes Lindemann, alivuka bahari ya Atlantiki peke yake kwa kayaki ya tanga, akitoka Visiwa vya Kanari hadi visiwa vya Karibi kwa siku 72. Karibu na mwisho wa safari chombo kilipinduka usiku, naye akakishikilia mgongoni hadi kulipopambazuka. Aliokoka, kwani maji yale yalikuwa ya uvuguvugu.

Desemba 1942 mambo yalikuwa mengine. Askari wa majini wa Uingereza walikwenda kwa kayaki kuzishambulia meli za adui katika bandari ya Bordeaux, Ufaransa. Kayaki moja ilipinduliwa na mawimbi ya mkondo, na askari wake wawili, vijana waliofunzwa vema, wakapoteza maisha.

Bahari ya Uskoti huwa na joto la nyuzi 7 hivi mwishoni mwa majira ya baridi, na hata mwezi Agosti hufikia karibu nyuzi 14 tu. Mtu akitumbukia humo ghafla, katika dakika ya kwanza huhema ovyo, na akihema maji humwingia mapafuni. Baada ya dakika 10 hivi vidole hukosa nguvu. Kwa hiyo fedha ya kwanza itumike kwa vazi la mwili mzima lisilopitisha maji, nguo za sufu za kuvaa ndani yake, na koti la kuelea. Tanga lingoje.

Chombo chenyewe kiwe kipana kiasi, chenye vyumba vilivyozibwa mbele na nyuma ili kisizame kijaapo maji. Tanga la meta moja ya mraba latosha kwa anayeanza, na liweze kushushwa kwa kamba moja bila ya kuinuka kitini. Ziko pia kayaki zenye ndubi ubavuni kama ngalawa za pwani ya Afrika Mashariki. Hizo hazipinduki upesi. Lakini zikipinduka, ni kazi ngumu kuzirudisha.

Kabla ya kulipa, mnunuzi akijaribu chombo karibu na ufuko, maji yakiwa shwari na mwenzake akiwa kando. Akipindue kwa makusudi mara tatu, na kila mara apande tena, akumbe maji na kushika kafi. Akishindwa katika utulivu, hataweza katika dhoruba. Muuzaji akikataa jaribio hilo, mnunuzi aende kwingine.

Mwisho, yapo mambo yasiyo na gharama kubwa: filimbi shingoni, simu ya upepo mwilini wala si ndani ya chombo, na maandishi yaliyoachwa nyumbani kueleza njia na saa ya kurudi. Saa hiyo ikipita, jamaa wawaite walinzi wa pwani bila kusitasita. Askari hatoki langoni kwenda doria kabla ya jina lake kuandikwa kitabuni, na wala haoni kuwa ni woga. Baharia naye afanye vivyo hivyo, kwa heshima ya wale wanaomngoja mezani.