Karatasi ya Macho Isilale Sandukuni

Wauguzi wanafika shuleni kupima macho ya watoto. Wanatundika ukutani karatasi yenye herufi E nyingi. Nyingine zimeelekea juu, nyingine chini, nyingine pembeni. Mtoto anasimama mita 6 kutoka ukutani. Anafunika jicho moja, kisha anaonyesha kwa mkono E imeelekea wapi. Halafu anafunika jicho la pili. Mtoto anayeshindwa anapewa karatasi ya kwenda hospitali.

Mzazi anaipokea karatasi hiyo. Anaikunja na kuiweka sandukuni. Anasema, "Tutakwenda baada ya mavuno." Mavuno yanapita. Mwaka unapita. Karatasi bado imo sandukuni.

Mimi nasema hilo ni kosa. Kupima macho si kutibu macho. Kipimo cha shuleni kinatuambia tu kuwa kuna ubovu. Hakiuondoi. Mtu aliyenunua mbegu hawezi kusema amekwisha panda.

Huenda mtoto anahitaji miwani tu. Huenda ana mtoto wa jicho, na huo huondolewa kwa upasuaji katika hospitali kubwa kama Muhimbili au KCMC. Huenda jicho lake moja ni bovu, na ubongo umeanza kutumia lile zima peke yake. Jicho lililoachwa hivyo hudhoofika. Tiba yake hufaa zaidi mtoto akiwa mdogo, hasa kabla ya miaka 7 au 8. Ukichelewa, hata miwani haisaidii sana. Na ukiona weupe ndani ya mboni ya jicho la mtoto, usingoje hata wiki moja. Huenda ni saratani, nayo huua.

Wengine husema, "Mtoto wangu anaona. Mbona anachunga mbuzi?" Kweli, lakini mbuzi ni mkubwa kuliko herufi za ubaoni. Tena mtoto mwenyewe hajui kuwa haoni vizuri, kwa maana hajapata kuona vingine. Darasani ananakili vibaya. Mwalimu anamwita mvivu. Mwisho naye anaamini kuwa ni mjinga.

Wengine husema miwani huharibu macho. Si kweli. Miwani iliyopimwa na mtaalamu haiharibu macho. Kinachoharibu ni maji ya majani na dawa za kienyeji zinazotiwa jichoni. Hizo zaweza kuleta vidonda na upofu.

Wengine husema, "Sina nauli." Hili ni neno la kweli. Wataalamu wa macho hawapo katika kila zahanati, na safari ni gharama. Si haki kumlaumu mzazi maskini peke yake. Ndiyo sababu nasema jambo hili liwe la kijiji kizima.

Mwalimu mkuu na serikali ya kijiji wakae na wazazi wa watoto hao. Wapange siku moja ya safari. Nauli ichangwe. Wazazi wawili au watatu wawasindikize watoto wote, na wengine wawalimie mashamba yao siku hiyo. Watoto wakirudi, tuhesabu: walioandikiwa ni wangapi, waliotibiwa ni wangapi? Wauguzi nao wana wajibu. Waeleze wazi ni hospitali gani, siku gani, na gharama kiasi gani.

Ndugu msomaji, sisi tumejifunza kusoma ukubwani. Tunajua uchungu wa kutazama maandishi bila kuyaelewa. Tusiwaachie watoto wetu uchungu huo.

Zamani ungeweza kusema hujui karatasi inasema nini. Leo unajua kusoma. Fungua sanduku. Soma jina la mtoto wako na jina la hospitali. Kisha mwendee jirani mwenye karatasi kama yako, mpange siku ya safari.